Kiti cha Mbele cha Pijo ya Kagwe

Kitendawili! Nimewasha jiko bila kuni, na linaniunguza mimi mwenyewe niliyeliwasha.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Ruiru siutaki, ndiko mshindani wangu analala. Nipeni Thika, nina kazi nayo leo. Jibu ni wivu.

Mimi ni Waruguru, mjane wa Kagwe, shosho, yaani nyanya, wa Gatuanyaga. Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua vile nimeumia. Anayenikuta leo asihangaike, nitamweleza upesi kabla chai yake haijapoa.

Mume wangu aliniachia gari lake la Pijo, ile 404 stesheni wagon ya rangi ya maziwa. Ilikaa uani kwangu miaka mingi, kuku wakitaga ndani. Corona ilipoingia, kijana wangu Gachau akaja na lori akaibeba hadi kwake Membley, huko Ruiru. Alisema kazi imepungua, atapitisha wakati akiitengeneza. Nikambariki.

Halafu Maggie akaja. Huyu ni mama yake Idah, mke wa Gachau. Alitoka kwake Githurai 45 kuwatembelea siku mbili tu. Idah akamwambia asirudi kwenye msongamano wa soko mpaka ugonjwa upungue. Siku mbili zikawa mwaka na zaidi.

Na mimi? Mimi niliambiwa, "Mami, wewe umepita miaka hamsini na nane. Kaa huko Gatuanyaga, tunakulinda."

Maggie naye ana miaka mingapi? Au Membley watu hawazeeki?

Wiki iliyopita jirani yangu Kamene alinionyesha picha kwa simu. Pijo imepona, inang'aa kama sahani ya harusi, iko kwenye maporomoko ya Fourteen Falls. Barabara ya kwenda huko inapita kwetu. Vumbi la gari la mume wangu liliingia mpaka kwa sufuria yangu, na hakuna aliyesimama kunisalimia.

Kiti cha mbele alikuwa amekaa Maggie, kiwiko nje ya dirisha.

Kiti hicho ni changu. Nilikikalia nikiwa mke mpya, nikakikalia na mimba ya Gachau, nikakikalia tukienda kanisani kila Jumapili. Hapo ndipo tulipoachia hadithi mara ya mwisho.

Kamene hakuishia kwa picha. "Jumamosi kuna maonyesho ya magari ya zamani Thika," akaniambia. "Gachau ameandika hapa anaenda na Pijo."

"Na mimi naenda," nikasema.

"Umealikwa?"

"Mwenye gari anaalikwa kwa gari lake?"

Jumamosi nikavaa rinda langu la Pasaka na barakoa mpya iliyofanana na kitambaa cha kichwa. Nikamwita Muoki na bodaboda yake.

"Shosho, unaenda harusi?" akauliza.

"Naenda kuchukua kiti."

"Cha plastiki?"

"Endesha."

Nilifika nimejaa vumbi mpaka kwa kope. Langoni kulikuwa na mtungi wa maji na sabuni, na magari yamejipanga kwa msafara wa kuzunguka uwanja. Kulikuwa na Vokswagen za kobe, Landrova zisizo na milango, na lori moja la zamani limefungwa riboni. Watu walikuwa wamekaa ndani ya magari yao, vioo vimeshushwa, wakiita majirani kwa honi. Mwaka mzima tulikuwa tumefungwa kama kuku wa mayai. Kila mtu alikuwa na njaa ya kutoka.

Pijo niliiona mara moja. Gachau kwa usukani. Nyuma, mjukuu wangu, Waruguru mdogo. Huyu ni mimi. Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, kwa hivyo Gachau humwita "mami" kama anavyoniita mimi. Idah ana mimba kubwa sasa, amebaki nyumbani kupumzika. Akizaa msichana mwingine, huyo ataitwa Maggie. Hiyo ni haki yake na nimeikubali. Lakini asitangulie kuchukua kiti.

Maggie alikuwa tayari amekaa kwenye kiti.

"Mami!" Gachau akashtuka.

"Ndiyo," tukajibu wawili, mimi na mtoto.

"Nani amekuleta?"

"Miguu na Muoki. Habari yako, Mama Idah?"

"Nzuri, Mama Gachau," Maggie akajibu, tabasamu limemjaa hadi nje ya barakoa. "Karibu! Ingia nyuma na mtoto."

Mnasikia? Ninakaribishwa kwenye gari la Kagwe. Nyuma.

Kabla sijafungua mdomo, msichana wa geti akafika na jaketi yake ya manjano na ile bastola ya kupima joto. Jina lake lilikuwa limeandikwa kifuani: Jentrix.

"Gari moja watu watatu tu," akasema. "Na mko wanne."

"Si mlisema watano?" Gachau akauliza.

"Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Jana ikawa wanne. Leo asubuhi nimetumiwa ujumbe, ni watatu. Boss, mimi sitengenezi sheria, mimi nazisoma tu."

"Basi tuzunguke mara mbili. Mama mmoja aingie, halafu mwingine."

"Kila gari mzunguko mmoja. Na mkiingia kwa msafara hakuna kushuka mpaka uishe. Amueni."

Gachau akashuka, akanivuta kando. Nikajua hata kabla hajasema.

"Mami, usikasirike. Mama Idah tunakaa naye nyumba moja, tayari tunapumua pamoja. Wewe umetoka huko na boda, umekutana na watu. Ni mambo ya corona tu."

"Corona ina macho, Gachau? Inamjua wa Membley na wa Gatuanyaga?"

"Mami, tafadhali. Watu wanatuangalia."

"Baba yako angenishusha kwa kiti kile?"

Akaangalia viatu vyake. Alikuwa hivyo hivyo akiwa mdogo; ukimuuliza nani amekula sukari, anaangalia viatu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipofanya kitu kibaya, na sitakificha. Gachau alipokwenda kusalimiana na wenye magari wengine, nilimfuata Jentrix polepole.

"Mwanangu," nikamnong'oneza, "sitaki kusema mambo ya watu. Lakini yule mama aliye mbele amekuwa akikohoa."

"Akikohoa?"

"Kikohozi kikavu."

Uongo mtupu. Maggie hakuwa amekohoa hata kwa adabu.

Jentrix akaenda mbio hadi kwa Pijo. "Mama, shuka kidogo nikupime tena." Maggie akashuka, macho yamemtoka. Bastola ikamlenga kipaji cha uso. Ikalia.

"Uko sawa kabisa. Unakohoa?"

"Mimi? Nani amesema?"

Jentrix hakuwa na siri. Alinyoosha kidole. "Huyu shosho."

Ardhi haikupasuka, ingawa niliiomba.

"Shosho," Waruguru mdogo akaniita kutoka kiti cha nyuma, "kwani ulisikia akikohoa ukiwa Gatuanyaga?"

Mtoto ana akili kama mimi. Siku hiyo sikufurahia.

"Na wewe hujapimwa," Jentrix akakumbuka. Bastola ikanilenga. Ikalia kwa sauti nyingine. Akajaribu tena, ikalia vile vile. "Shosho, joto lako liko juu! Huingii. Kaa kwa hema upoe, nitakupima tena."

"Ni jua la pikipiki!"

"Hema, shosho."

Ndivyo nilivyopata kiti. Muoki alikuwa nabii, kilikuwa cha plastiki.

Nikakaa hapo peke yangu na chupa ya maji, watu wakinikwepa kama jivu la moto. Niliona Maggie akizungumza na mtoto dirishani, wakacheka. Niliona akirekebisha riboni ya nywele za Waruguru mdogo, kichwa chenye jina langu. Nilitamani kukohoa kweli, nimkoholee yeye.

Halafu honi ya msafara ikapigwa. Gachau alikuwa bado anabishana na mwenye lori mambo ya injini, mbali. Maggie akaamua kuingia mwenyewe.

Hapa lazima niwaambie kitu kuhusu mlango ule wa kushoto. Gachau alitengeneza injini, akapaka rangi, akashona viti. Mlango ule ulimshinda. Ukiwa nje haufunguki. Gachau hunyoosha mkono akaufungua kwa ndani, ndipo mtu aingie. Lakini uko na siri yake. Unainua kitasa kidogo tu, unaupiga goti pale chini karibu na bawaba, unatulia kama mtu anayevuta pumzi, halafu ndio unavuta. Ukifanya haraka haukubali. Kagwe alinifundisha siku ya kwanza alipoileta nyumbani, akaniambia, "Hii ni siri yangu na yako. Mwizi hataiba gari asiloweza kuingia."

Hata Gachau hakuambiwa.

Maggie aliinua kitasa kidogo. Akapiga goti pale chini karibu na bawaba. Akatulia. Akavuta.

Mlango ukafunguka kwake kama mlango wa kanisa.

Chupa ya maji ilinianguka. Sikuiokota. Nilitoka kwenye hema nikitembea kama mtu aliyeitwa.

"Shosho, rudi!" Jentrix akapiga kelele.

"Nipime nikifa!"

Nikafika mlangoni kabla hajaufunga. Tukaangaliana. Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa na miba. Lakini huyu ni muthoni wangu, mkwe. Kwetu mkwe hapigiwi kelele. Ukimkosea unatafuta mbuzi wa kumtuliza, na mimi tayari nilikuwa na deni la kikohozi. Nikameza miba, nikabaki na swali moja.

"Mama Idah. Mlango huu, nani alikufundisha?"

Alijua. Uso wake ulishuka wote kwa mara moja.

"Waruguru mdogo," akasema bila kumtazama, "nenda ukamwite baba yako." Mtoto akashuka. Maggie akashuka pia, akasimama mbali nami hatua chache, kama sheria inavyotaka.

"Nilitaka kukuambia tangu gari lilipoletwa Membley," akasema. "Lilipokuwa likishushwa kwa lori, nilishika ukuta. Sikuwa nimejua mume wako ndiye yeye. Sisi sokoni tulimwita Wa-Pijo. Alikuwa anatuletea nyanya na mananasi Githurai."

"Najua alikuwa anaenda Githurai. Sikuuliza mananasi."

"Nilikuwa na mimba ya kitinda mimba wangu, Muigai. Uchungu ukanishika nikiwa kwa kibanda changu. Baba Idah alikuwa Mombasa kikazi. Wa-Pijo akamwaga mananasi yote chini, akanibeba. Mlango ukakataa. Akaniambia, 'Mama, inua, piga goti, pumua, vuta,' kwa sababu mikono yake ilikuwa imenishikilia mimi. Nikaufungua mwenyewe nikilia. Hatukufika hospitali. Muigai alizaliwa pale mbele, kwa kile kiti, kabla ya Ruiru."

Nikashika paa la gari.

Kwa sababu nilikumbuka. Kagwe alirudi siku moja kiti kikiwa kimelowa, akaniomba maji na sabuni. Nikamuuliza kuna nini. Akasema amebeba mbuzi wa mama mmoja wa Githurai, na mbuzi amezalia garini. Nikamchotea maji mimi mwenyewe. Nikasugua kile kiti mimi mwenyewe. Hata nikauliza, "Amezaa wangapi?" Akasema, "Mmoja. Dume."

"Aliniambia wewe ni mbuzi," nikasema.

Maggie akanitazama. Halafu akacheka. Akacheka mpaka akajifunika uso kwa mikono, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pia. Wivu uliniteremka kidogo, kama uji unapoondolewa kwa moto.

"Sikujua vile nitakuambia," akasema. "Nilimuita mtoto Kagwe nilipojua jina lake halisi, ingawa akina Kagwe ni wengi na sikujua ni wako. Baba Idah akarudi, akauliza Kagwe ni nani kwetu. Kwa hivyo akawa Muigai, jina la mjomba wake. Mama Gachau, kaa mbele. Kiti ni chako. Mimi nitakaa kwa hema na ule ugonjwa wangu wa kukohoa."

"Ugonjwa huo ni wangu. Nisamehe. Nitatafuta mbuzi."

"Usilete anayezaa."

Jentrix akafika akihema. Akanipima. Bastola ikalia vizuri. "Umepoa, shosho. Sasa amueni, gari lenu ndilo linangojwa. Watatu!"

Gachau alikuwa amerudi na mtoto mkononi, uso umejaa hofu ya mtu aliye na mama wawili. Niliwatazama wote. Kama ningekaa mimi, Maggie angebaki hemani na hadithi yake. Kama angekaa yeye, ningebaki mimi na wivu wangu. Nikapata hesabu yangu.

"Gachau," nikasema, "toa funguo. Wewe ndiye unabaki."

"Mimi? Mami, na nani ataendesha?"

"Kwani Membley nzima hakuna—" nikaanza kusema, maana hilo sikuwa nimelifikiria.

"Mimi nitaendesha," Maggie akasema.

Sote tukamgeukia. Hata Jentrix.

"Mum, wewe unajua kuendesha?" Gachau akauliza. "Tangu lini? Idah hajawahi kuniambia."

"Idah hajui kila kitu. Leta funguo, watu wanangoja."

Magari ya nyuma yalianza kupiga honi. Gachau akatoa funguo kama mtu anayetoa jino. Mtoto akaingia nyuma. Mimi nikainua kitasa, nikapiga goti, nikapumua, nikavuta, nikakaa kwenye kiti changu. Kilinikubali. Nilisikia harufu ya ngozi mpya, na chini yake, mbali, mananasi.

Nilikuwa na furaha. Andikeni hivyo. Kwa muda mfupi nilikuwa na furaha.

Gachau aliingiza kichwa dirishani. "Mum, hii sio automatic. Gia iko hapa kwa usukani, na ina maringo. Ya kwanza unaivuta kwako, halafu—"

"Nimeiona," Maggie akasema.

Hakuwa ameiangalia.

Mkono wake ulienda kwa gia kama mkono unavyoenda kwa swichi ya taa nyumbani kwako gizani. Klachi ikapumua. Pijo ikaondoka laini. Gachau, kijana wangu mwenyewe aliyeitengeneza, huitoa ikiruka kama chura. Nilimwona kwa kioo cha kando amesimama, mikono kichwani.

Tukaingia kwa msafara. Watu walipiga makofi kutoka madirishani. "Mashosho oyee!" mtu akapiga kelele. Waruguru mdogo akapunga mikono yote miwili.

Maggie akapunguza mwendo kwenye kona ya kwanza. Badala ya kuwasha taa, alitoa mkono wake wa kulia dirishani, akaugeuza kidogo kutoka kwa kiwiko, vidole viwili vimekunjwa. Nimeona mtu mmoja tu akionyesha kona hivyo. Kagwe alikuwa na vidole viwili visivyonyooka tangu alipoumia kwa kazi ya mawe.

Maggie vidole vyake vinanyooka vyote.

"Mama Idah," nikasema polepole, mtoto asisikie. "Mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa hafundishwi gia."

Alipungia watu.

"Ulisema alikubeba siku moja."

"Sikusema moja. Uliniuliza mlango, nikakuambia siku ile ya mlango." Macho yake yalibaki barabarani. "Mama Gachau, furahia gari. Leo ni siku nzuri. Mtoto amefurahi."

"Alikufundisha lini?"

"Ukiniuliza, nitakujibu. Nimezeeka sana kukudanganya tena. Lakini uliza ukijua hutaweza kushuka."

Nilitazama mbele, nikaona mgongo wa lori lenye riboni. Nyuma yetu Vokswagen ilikuwa imekaribia kutugusa. Pande zote mbili watu walikuwa wakipiga makofi, na Jentrix alikuwa amefunga kamba langoni.

Nyuma yangu, mjukuu wangu alikuwa ameanza kuimba.

Nikashusha barakoa yangu hadi kidevuni, nikamgeukia mkwe wangu, nikauliza Muigai ni mtoto wa nani.